Pini za Titani Kwenye Kifua cha Mchimbaji

Mimi ni muuguzi wa thieta, mzaliwa wa Shinyanga. Kwenye upasuaji wa kifua nasimama upande wa vifaa, namkabidhi daktari anachokihitaji kabla hajamaliza kukitaja. Vifaa vingi nimevizoea mpaka mkono unavitambua bila macho. Kuna kimoja tu ambacho sikitoi mkononi kabla ya kukikagua mara mbili: rangi ya katriji, ukubwa wake, tarehe ya mwisho wa matumizi. Ni stepla ya upasuaji. Ikifanya kazi yake sawasawa, mshipa unaopeleka damu kwenye pafu unafungwa na kukatwa ndani ya sekunde chache bila tone kudondoka. Ikikosea, tunabaki na dakika chache za kuokoa maisha ya mtu.

Nataka kueleza ubora wa kifaa hiki unapimwaje, nani anaupima, na kwa nini vipimo vilivyofanyika mbali haviwatoshi wagonjwa wetu, hasa wanaotoka machimboni. Mambo haya huzungumzwa na madaktari kwenye mikutano yao. Wanaolala mezani ni watu wa Nyarugusu, Rwamgasa, Kahama na Kishapu, na wana haki ya kuyaelewa.

Nianze na wao. Kanda yetu ya Ziwa imekaa juu ya mawe yenye thamani. Mwadui, wilayani Kishapu, almasi zinachimbwa tangu John Williamson alipozigundua mwaka 1940. Bulyanhulu na Geita kuna migodi mikubwa ya dhahabu yenye mitambo, mifereji ya hewa na maofisa wa usalama. Pembeni yake wapo maelfu ya wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye maduara, mashimo ya kuchimbia yaliyoshikiliwa na matimba ya miti. Dhahabu yao imo ndani ya mwamba mweupe wa kwatzi, na kwatzi ni silika. Mwamba huo ukitobolewa kwa drili kavu, ukagongwa kwa nyundo, kisha ukasagwa kwenye karasha, hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, linalopita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya pafu. Huko halitoki tena.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima wachimbaji wadogo wa dhahabu wa hapa Tanzania. Waliokuwa wakitoboa mwamba chini ya ardhi walivuta kwa wastani miligramu 16.85 za silika katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya afya kazini ni miligramu 0.05. Hiyo ni zaidi ya mara 300. Hata waliofanya kazi juu ya ardhi, kwenye kuponda na kusaga, walizidi kiwango hicho mara nne, na tukumbuke kwamba huko juu wapo akina mama wengi, wengine wakiwa na watoto mgongoni.

Vumbi hilo huleta makovu kwenye mapafu, ugonjwa unaoitwa silikosisi, na silikosisi hukifungulia mlango kifua kikuu. Mchimbaji anapata kifua kikuu, anameza dawa miezi sita, anapona, anarudi duarani, kinamrudia tena. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, na Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro imekuwa ikiwatibu wagonjwa wake tangu 1926. Vidudu hufa kwa dawa. Pafu lililoharibika halirudi. Hubaki na mashimo, na ndani ya shimo fangasi huweza kuota na kufanya donge. Donge hilo hukwaruza mishipa, na siku moja mtu anakohoa damu nusu kikombe. Mwingine usaha wake hugandana, ukalifunika pafu lisiweze kutanuka. Hao ndio wanaopewa rufaa kwenda kwa mabingwa wa upasuaji, na kwa Kanda ya Ziwa njia imekuwa ikielekea Bugando, Mwanza. Wapo pia wenye saratani ya mapafu, ingawa wengi wao hufika wakati kisu hakiwezi kuwasaidia tena.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alichimba Nyarugusu tangu ujana wake. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili. Alipoanza kukohoa damu nilimpeleka mwenyewe kwa daktari bingwa, nikiamini sehemu ile mbovu itaondolewa na mjomba atarudi nyumbani. Picha ya siti skani ilipotoka, daktari alituita tukae. Akaonyesha kwa kalamu tezi zilizojaa chokaa, nyeupe pee kwenye picha, zimeuzingira mshipa mkubwa wa damu pale unapoingia kwenye pafu. Akasema, "Mzee, hapa nikiingia, naweza nisipate nafasi ya kuufunga huu mshipa." Mjomba aliuliza swali moja: "Hakuna chombo cha kuubana?" Chombo kipo. Daktari alimweleza kwa upole kwamba chombo hicho kinahitaji mshipa laini, na wake ulikuwa umegandamana na mawe. Alirudi nyumbani na vidonge na akaishi miaka kadhaa, akihesabu pumzi zake. Tangu siku hiyo kila stepla ninayoishika naiuliza swali la mjomba.

Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Sehemu za kila pafu zinaning'inia kwenye shina moja, na ndani ya shina hilo hupita vitu vitatu: njia ya hewa, vena zinazorudisha damu kwenye moyo, na ateri ya mapafu inayoileta. Kuondoa sehemu moja ya pafu maana yake ni kuvitafuta vitu hivyo kimoja kimoja, kuvitenganisha, kuvifunga na kuvikata. Njia ya hewa ina gegedu, ni ngumu, inavumilia. Ateri ya mapafu haivumilii. Ukuta wake ni mwembamba, na damu yote ya mwili, takribani lita tano kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia, hupita kwenye ateri hiyo na matawi yake. Shinikizo lake ni dogo: kwa mwenye afya, kipimo cha juu ni kama milimita 25 za zebaki, wakati kile tunachokipima mkononi ni 120. Ndiyo, ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji huitumia kukamatia dhahabu. Kwa sababu shinikizo ni dogo, mshipa huu hufungika kwa nguvu ndogo. Kwa sababu ukuta ni mwembamba, huchanika kwa nguvu ndogo vilevile. Na kwa mtu aliyekula vumbi miaka ishirini, shinikizo hilo hupanda, kwa kuwa makovu yameziba njia nyingi ndogo za damu.

Kwa miaka mingi mshipa huu umefungwa kwa uzi wa hariri. Daktari huupitisha uzi kwa nyuma, hufunga fundo, hufunga la pili, mara nyingi huongeza mshono unaopenya kwenye ukuta ili fundo lisiteleze, kisha hukata katikati. Ni njia nzuri. Nimewaona madaktari wakiifanya kwa utulivu unaonifanya nishukuru kuwa pale. Shida ni pale mshipa ulipo chini sana, kidole hakifiki, au upasuaji unafanywa kwa kamera kupitia matundu madogo ubavuni. Hapo kufunga fundo ni kazi nzito sana.

Stepla hubana kama ile ya ofisini inayobana karatasi, ila yenyewe ina taya mbili ndefu. Mshipa ukiingia kati ya taya, daktari huzifunga, husubiri kidogo ili maji yaliyomo kwenye nyama yasukumwe pembeni, halafu hufyatua. Pini za titani hupenya ukuta wa mshipa, hugonga taya ya upande wa pili na kujikunja umbo la herufi B. Kwa stepla nyingi za sasa hutoka safu tatu za pini upande huu na safu tatu upande ule, na kisu kidogo hupita katikati. Umbo la B ndilo siri yake. Pini ikijikunja sawasawa, damu ya mshipa mkubwa haipiti, lakini ukingo wa nyama unabaki hai. Pini isipojikunja, umetoboa mshipa na hukuufunga.

Historia ya chombo hiki imepita mikononi mwa watu wenye subira. Mwaka 1908 huko Budapest, daktari Hümér Hültl alitumia kifaa kilichobuniwa na Victor Fischer kufunga tumbo la chakula. Kilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, na kukiunganisha na kukijaza pini kulichukua kama saa mbili. Mwenzao wa Hungaria, Aladár Petz, akaja na chepesi zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ilihamia Moscow. Mhandisi Vasily Gudov alibuni kifaa cha kuunganisha mishipa ya damu kwa pini, na mwaka 1951 Wasovyeti wakaanzisha taasisi nzima ya kubuni zana za upasuaji. Kule kifua kikuu kilikuwa kinaua, na kina Nikolai Amosov wa Kiev walikuwa wakikata mapafu ya wagonjwa wengi, kwa hiyo stepla ya shina la pafu ilizaliwa kwa ajili ya watu wenye ugonjwa ule ule wa wagonjwa wetu. Mwaka 1958 daktari Mmarekani Mark Ravitch alifika Kiev, akaiona ikifunga njia ya hewa, akanunua moja na kurudi nayo kwao. Kutokana na hiyo Wamarekani walitengeneza zao, wakaweka pini tayari kwenye katriji zilizotakaswa.

Zile za Kisovyeti zilijazwa pini moja moja kwa mkono. Nawafikiria mara nyingi wauguzi waliofanya kazi ile kabla ya kila upasuaji, maana usalama wa mgonjwa ulikuwa kwenye ncha za vidole vyao. Lakini chombo kilitumika miaka na miaka, kikichemshwa na kujazwa upya. Cha leo kinatupwa.

Sasa rangi. Katriji huja kwa urefu tofauti wa pini, na kila kiwanda kina mpangilio wake, ingawa nyeupe na buluu na kijani ndizo zilizozoeleka zaidi. Nyeupe ni ya mishipa ya damu: pini yenye urefu wa kama milimita mbili na nusu, ikijikunja inabaki milimita moja. Buluu hufunga hadi milimita moja na nusu, kijani hadi mbili, na kijani ndiyo ya njia ya hewa. Ukiweka kijani kwenye ateri, pini zinakuwa ndefu mno, hazibani, damu inavuja kati yake. Ukiweka nyeupe kwenye nyama nene, pini hazifiki upande wa pili au zinaiponda nyama mpaka inakufa. Ndiyo maana tumbo langu hukaza kiwanda fulani kinapobadilisha rangi zake, au boksi la msaada linapokuja na rangi nisiyoijua na maelezo ya lugha ambayo hakuna anayeisoma hapa.

Vipimo vyenyewe huanza mezani, maabara. Wanachukua mishipa ya nguruwe, wanaifunga kwa stepla, kisha wanaingiza maji ya chumvi kwa pampu huku wakipandisha shinikizo hadi mstari wa pini uvuje. Wanaandika ulivuja kwa shinikizo gani. Kifaa kizuri kinapaswa kuvumilia mara nyingi zaidi ya lile la kawaida la ateri ya mapafu. Wanazitazama pini kwa kioo cha kukuza: ngapi zimekuwa B, ngapi zimelala upande, ngapi hazikutoka. Wanapima nguvu inayohitajika kufyatua, maana daktari anayesukuma kwa nguvu hutikisa mkono na mkono ukitikisika mshipa huchanika. Hatua inayofuata ni wanyama hai: wanafungwa mshipa wakiwa usingizini, wanaachwa wapone, na baada ya wiki kadhaa kovu linakaguliwa. Mwisho ni binadamu, ambako kinachoandikwa ni damu iliyotoka baada ya kufyatua, mshono wa ziada uliohitajika, na kama daktari alilazimika kuacha kamera na kufungua kifua.

Ukisoma hivyo unaweza kudhani kila stepla duniani imepita hatua zote hizo. Marekani kwenyewe haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi stepla ya ndani ya mwili iliwekwa kwenye daraja la kwanza la vifaa, lile la hatari ndogo, bila kulazimika kukaguliwa kabla ya kuingia sokoni. Mwezi Machi 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliwaandikia wahudumu wa afya barua ambayo kila muuguzi wa thieta angepaswa kuisoma. Ilisema kwamba kati ya Januari 2011 na Machi 2018 ilipokea taarifa zaidi ya 41,000 za matatizo ya stepla na pini zake. Vifo vilikuwa zaidi ya 360. Majeraha makubwa yalizidi 9,000, na hitilafu za kifaa zilizidi 32,000. Pini hazikutoka, pini hazikujikunja, taya ziligoma kufunguka zikiwa zimeng'ata nyama, au daktari alichagua ukubwa usiofaa. Oktoba 2021 stepla zikapandishwa daraja, na watengenezaji wakatakiwa kuonyesha ushahidi wa vipimo na kuandika maonyo wazi kwenye maelezo.

Sitoi takwimu hizo ili kumtisha mtu. Stepla hufyatuliwa mara nyingi sana kila mwaka duniani, na nyingi hufanya kazi yake. Nazitoa kwa sababu wenzetu waliandika. Kila kosa lilikuwa na karatasi, karatasi zikakusanywa mahali pamoja, na hapo ndipo tatizo likaonekana. Mtu mmoja kwenye thieta moja asingeliona.

Hapa kwetu kuna mambo mawili ambayo vipimo vile havikuyagusa. La kwanza ni shina la pafu la mchimbaji. Nguruwe wa maabara ana mshipa laini, safi, unaoteleza. Wagonjwa wengi kwenye tafiti za nchi tajiri ni watu wa saratani iliyogunduliwa mapema. Mgonjwa wa kutoka Rwamgasa ana tezi zenye chokaa zilizoshikana na ukuta wa ateri. Taya zikifunga juu ya kipande cha chokaa, pini zinakikuta hicho badala ya nyama, zinapinda. Huenda ukuta ukapasuka taya zikifungwa tu, kabla hata ya kufyatua. Madaktari wa kwetu wanalijua hili kwa vidole vyao. Wanapapasa kwanza, na wakihisi ugumu wanakiweka chombo chini na kuomba uzi. Nimewaheshimu sana kwa hilo, kwa sababu chombo cha bei kubwa kikiwa mezani kina namna ya kumshawishi mtu akitumie.

La pili ni matumizi ya kurudia. Stepla nyingi zimetengenezwa kwa mgonjwa mmoja, na katriji moja peke yake hugharimu pesa nyingi kwa familia ya mkulima wa pamba. Kwenye nchi zenye uhaba mpini huoshwa, hutakaswa na kutumika tena. Naelewa kwa nini. Lakini kilichopimwa maabara ni kifaa kipya. Chenye chemchemi iliyolegea na mabaki ya damu kwenye meno yake ni kifaa kingine, ambacho hakuna aliyekipima. Kwenye hospitali moja niliyowahi kufanya kazi tulipokea boksi la msaada ambalo katriji zake zilibakiza wiki chache kwisha muda. Mpini wake ulikuwa wa kampuni tofauti na katriji. Nililiweka kando na kuandika sababu, na mkuu wangu wa thieta akasaini chini yake bila neno.

Nimekuwa nikiandika tangu wakati huo. Nina kaunta buku, la kawaida, lenye gamba gumu. Kila stepla inapofyatuliwa kwenye mshipa wa kifua naandika tarehe, aina, namba ya toleo, rangi ya katriji, mshipa uliofungwa, kama kulikuwa na chokaa, kama damu ilitoka, kama mshono uliongezwa. Jina la mgonjwa siliandiki.

Daktari kijana mmoja aliniuliza kwa nini najisumbua ilhali kurasa nyingi zimeandikwa "hakuna tatizo". Nilimjibu kwa hesabu niliyofundishwa na mtakwimu mmoja, na nitaieleza hapa kwa kuwa ni rahisi na ina faida. Ukifyatua mara 30 bila kosa hata moja, usiseme kosa halipo. Chukua 3 ugawe kwa 30: kwa uhakika wa asilimia 95 unachoweza kusema ni kwamba kosa halizidi mara 1 kati ya 10. Kosa moja kati ya kumi kwenye ateri ya mapafu ni jambo la kutisha, na bado kurasa zako 30 safi hazijaliondoa. Ukifika 300 bila kosa, hapo unaweza kusema halizidi 1 kati ya 100. Sasa fikiria ni hospitali gani ya kwetu itakayofikisha mara 300 kwenye mishipa ya mapafu peke yake, kwa vifua vya wachimbaji, ndani ya muda unaofaa. Hakuna itakayoweza ikiwa peke yake. Zikichanganya madaftari, zinaweza.

Wakati huo huo kazi inaendelea, na usalama wa mgonjwa hautegemei stepla pekee. Kabla ya kufyatua, daktari anayejua kazi huwa ameshapitisha utepe au uzi mzito kuzunguka ateri kuu, upande wa moyoni, ili likitokea la kutokea avute na kuizuia damu. Mimi nakuwa na klempu ya mishipa mkononi, imefunguliwa tayari. Nyuzi laini za kushonea mshipa ziko kwenye sindano zake. Kitambaa kilichokunjwa kwenye koleo kipo karibu, kwa kuwa dawa ya kwanza ya mshipa uliopasuka ni kuukandamiza, kidole au kitambaa, na kila mtu atulie. Mtaalamu wa usingizi ameshajulishwa, damu ipo kwenye kasha la baridi ndani ya chumba. Barua ile ya 2019 nayo ilisisitiza kuchagua ukubwa sahihi wa pini na kuepuka stepla kwenye mishipa mikubwa sana, mfano aota. Ilinifurahisha kuona kwamba mengi kati ya hayo tunayafanya tayari kwa sababu ya umaskini wetu: hatujawahi kupata nafasi ya kukitegemea chombo kimoja.

Mgonjwa mmoja, mchimbaji wa kutoka Geita, aliponiona wodini siku moja baada ya upasuaji aliniita karibu. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akaitikia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama pini zile zitamharibia kazi, yaani akiishika ditekta ya kutafutia dhahabu, mashine isije ikalia kwa sababu ya kifua chake. Lilikuwa swali la mtu anayewaza mkate wa wanawe, nikalijibu kwa uzito huo. Nilimweleza kwamba waya wa pini ni mwembamba sana, kwamba titani haivutwi na sumaku, kwamba hakatazwi kuingia hata kwenye mashine kubwa ya picha inayotumia sumaku kwa sababu ya pini hizo. Zitakaa ndani maisha yake yote na mwili utazizoea. Halafu nikamwambia lililonikaa moyoni zaidi: kilichomleta kwangu ni vumbi, na akirudi duarani bila maji ya kulowesha mwamba na bila barakoa ya kweli, hakuna stepla itakayomsaidia mara ya pili. Aliitikia kwa kichwa. Sijui kama alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Watu huniuliza basi kama nazikubali stepla. Nazikubali, kwa mahali pake. Pesa ikiwa ndogo, ningeipeleka stepla kwenye mishipa iliyo ndani sana isiyofikika kwa fundo, na kwenye upasuaji wa kamera, ambako mgonjwa huamka na jeraha dogo na kurudi kulima mapema. Matawi yaliyo wazi mbele ya daktari yafungwe kwa uzi wa hariri. Mishipa midogo, isiyozidi milimita saba, ina vifaa vingine vinavyoiziba kwa joto la umeme au mtetemo, navyo vinahitaji kupimwa kwa wagonjwa wetu kwa ukali ule ule. Na stepla isiyojulikana imetoka wapi, imetakaswa mara ngapi, isiguse ateri ya mtu.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inapokea taarifa za madhara ya vifaa tiba, wala si za dawa tu. Wauguzi wenzangu wengi hawajui hilo, na wanaojua wanaogopa kwamba kuandika ni kumshtaki daktari. Fomu inauliza juu ya kifaa: aina, mtengenezaji, namba ya toleo, kilichotokea. Ikijazwa siku hiyo hiyo, na kifaa chenyewe kikahifadhiwa badala ya kutupwa, tatizo la toleo bovu linaweza kujulikana Mwanza kabla halijafika Chato.

Ninachokiomba kwa hospitali za Kanda ya Ziwa, kuanzia Bugando na ile ya kanda iliyoko Chato hadi za rufaa za mikoa, Shinyanga na Geita, ni ukurasa mmoja unaofanana kwa kila thieta, ujazwe na muuguzi kabla hajavua glovu, nakala zikusanywe kila robo mwaka na kusomwa na madaktari, wauguzi na mafundi wa vifaa tiba wakiwa wamekaa pamoja. Safu za mwanzo ziwe zile zile zinazotumika duniani, ili takwimu zetu zilinganishwe na za wengine. Kisha ziongezwe tatu ambazo sijaziona kwenye fomu yoyote ya kigeni: mgonjwa alitibiwa kifua kikuu mara ngapi, tezi zake zilikuwa na chokaa au hapana, na alichimba wapi, kwa miaka mingapi.